Herufi Nyuma ya Mlango

Kila Hatibu alipopita karibu na sanduku la vifaa la Stefano, mwenziwe alilifunga kwa kufuli. Mwaka wa tatu sasa walikuwa wakishona viti vya magari banda moja hapo Msamvu, na kufuli halikuchoka. Sababu mji mzima uliijua: Hatibu alifukuzwa shirika la umma, alikokuwa fundi viti, kwa kuiba viti na vibao vya ndani ya milango vya Pijo stesheni wagoni. Hakuiba. Lakini jina likishachafuka, hata sabuni zote za soko huria hazilitakatishi.

Mwaka 1994, shirika limekwisha kuuzwa, Bwana Ignas akaingia na pikapu ikiivuta Pijo ileile, ndani tupu kama debe. Aliinunua kwa bei ya chuma chakavu. Ndiye aliyesaini barua ya kumfukuza Hatibu, ila wakubwa wa siku zile walisaini majina, nyuso hawakuzitazama. Hakumtambua.

"Nataka irudi kama ilivyotoka kiwandani," akasema, akishusha viti na magunia mawili toka kwenye pikapu. "Vitu vyake nilivipata Dar."

Hatibu akaiona ngozi nyekundu, kama ile aliyofukuziwa. Ngozi za Pijo ziko nyingi, akajionya. Stefano akatoa kibao cha mlango kutoka gunia la kwanza, akakigeuza, mara akakitupa chini. Nyuma yake paliandikwa kwa wino herufi moja ya Kiarabu.

"Hirizi hii," akanong'ona.

Bwana Ignas akarudi nyuma hatua mbili. "Wewe mwenye kofia, hebu isome."

Hatibu aliijua vema, lakini akatikisa kichwa. "Haya hayasomwi ovyo, mzee. Kwanza mwenye mali aseme vilikotoka. Akidanganya, mimi simo."

Jasho likamtoka Bwana Ignas. "Stoo ya shirika," akasema mwishowe. "Nilivihamishia nyumbani tu. Gari likiwa na viti vyake nisingeiweza bei. Sikumdhuru mtu hata aniroge."

Miaka minane ya kuitwa mwizi. Hatibu akaokota kibao.

"Hii ni yaa. Yamini, mlango wa kulia. Mwenzake ana shini, shimali, kushoto. Niliandika mwenyewe nilipovishona shirikani, nisije nikavichanganya, kwa herufi nilizofundishwa chuoni Mkuyuni kabla ya hizi za shule. Mimi ndiye Hatibu wa ile barua yako."

Stefano hakumtazama Bwana Ignas. Alikwenda kwenye sanduku lake, akalitoa kufuli, akalitia mfukoni.

"Koleo liko juu hapo," akamwambia Hatibu. "Chukua."