Sikio la Kushoto la Tamesha

Bi Verlene wa ghorofa ya chini anadai king'ora cha moshi kililia robo saa nzima Jumapili asubuhi. Anadai alipanda ngazi na goti lake bovu, akaugonga mlango wa Tamesha kwa kiatu mpaka kisigino kikang'oka, na alipofunguliwa alimkuta binti anapiga miayo. "Mlevi yule," anawaambia watu wa chumba cha kufulia. "Huko wanakocheza uchi wanalipwa kwa chupa."

Tamesha alizisikia habari hizo, akaziacha zitembee. Hakuwa ameonja pombe. Alikuwa amelalia sikio la kulia, na la kushoto lilikwisha kufa tangu mwaka juzi. Afadhali aitwe mlevi. Mlevi anaweza kucheza, lakini nani atamweka kiziwi zamu ya mchana?

Maana pale klabuni kwao Atlanta, mchana ni zamu ya kusikiliza. Wanakuja wazee, wanaagiza mabawa ya kuku, na wana maneno. Muziki haupunguzwi kwa ajili yao. Dontrell, dijei wao, huletewa nyimbo mpya na vijana wanaotafuta jina, naye huzipima kwa wasichana: wakinyanyuka vitini bila kuambiwa, wimbo una uhai. "Na wimbo haujaribiwi kwa kunong'ona," husema. Basi watu huongea mdomo kwa sikio, na neno lisiposikika wasichana wana dawa yake: unacheka, unampiga mteja kofi la goti, unasema, "Wewe nawe!" Mara nyingi huwa kweli alikuwa anatania.

Bwana Hosea, dereva wa basi mstaafu, alikuwa wa kila Jumatano. Hakutaka kuchezewa. Alikaa kona ya mwisho, Tamesha akimpa sikio zima, na kwa miaka miwili alimsimulia habari za mkewe Odessa: alivyogombana na mchungaji, alivyoimba faraghani, ugonjwa ulivyomwanza miguuni.

Jumatano hii, baada ya kupotea wiki tatu, alikuta kona imejaa mafundi bomba wanaosherehekea siku ya kuzaliwa ya mwenzao. Akakaa kiti kilichobaki, karibu na spika, na nafasi pekee aliyopata Tamesha ilimweka mzee upande wa sikio lililokufa.

"Mzee wangu, umepotea! Umepata msichana mwingine, eh?"

Hosea akainama, akasema. Tamesha alihisi pumzi shingoni, basi. Akacheka. Akampiga kofi la goti. "Wewe nawe!"

Mzee akajivuta nyuma kama aliyemwagiwa maji ya moto. Akavua miwani.

Renita, mhudumu, alikuwa ndiyo kwanza anaweka sahani. Akaizunguka meza, akamfokea Tamesha kwenye sikio la kulia: "Una wazimu? Amesema mkewe amezikwa Jumamosi!"

Neno "nimelewa" lilimjia Tamesha mdomoni lenyewe. Lingemtosha, nyumba nzima anakoishi ilikwisha kuliamini. Na Renita alikuwa pale pale, mwanamke ambaye akisikia kitu, meneja hukijua kabla sahani hazijaoshwa.

"Sikukusikia," akamwambia mzee, kwa sauti ya kuushinda muziki. Akaligusa sikio. "Hili limekufa."

Hosea akalitazama sikio. "Tangu lini?"

"Mwaka juzi."

Renita akaondoka na sinia tupu, akaelekea upande wa ofisi.

"Kwa hiyo Odessa wangu," mzee akasema, akijitahidi kupaza sauti, "yote niliyokueleza, ulikuwa unanichekea tu?"

"La, baba. Kule kona unakaa kulia kwangu. Niliyasikia yote."

"Ndivyo unavyosema."

"Ndivyo ilivyokuwa."

Hosea akavaa miwani, akasimama. Mabawa yalikuwa yanafuka moshi, hakuyagusa. Mafundi bomba walikuwa wanapiga meza kwa ngumi kufuata ngoma, na wasichana wawili walikwisha kunyanyuka vitini. Tamesha akakivuta kiti cha mzee, akakizungusha, akakiweka kulia kwake, karibu kabisa.

"Kaa huku," akasema. "Nisimulie mazishi. Anza mwanzo."

Mzee alikishika kiti mgongoni kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa na kofia.