Mtoto Anasikia?

Mimi ni muuguzi wa kliniki ya watoto, na wenzangu wananiita Treni kwa sababu ya foleni yangu. Kina mama hamsini wanaingia asubuhi, na ikifika saa sita ukumbi umeshafagiliwa. Sijisifu. Haya, najisifu. Mtoto anapandishwa kwenye mizani, anapimwa urefu, anadungwa sindano, na mama yake anaulizwa maswali yaliyochapishwa kwenye kadi. Anakaa? Anatambaa? Anashika kitu? Mtoto anasikia? Kila jibu lina kisanduku chake, na kalamu yangu haijui kungoja.

Kwenye swali hilo la mwisho, kadi inaeleza pia namna ya kupima. Muuguzi asimame nyuma ya mtoto asionekane, atikise kikopo chenye punje karibu na sikio moja, kisha jingine, aone kama mtoto atageuza kichwa. Kikopo hicho tulikuwa nacho. Siku moja nilimpa mtoto mmoja akichezee ili anyamaze baada ya sindano, akaondoka nacho. Nikasema kesho nitatengeneza kingine. Kesho hiyo sasa ina miaka kumi na tisa.

Binti yangu alipojifungua mtoto wa kike alimpa jina langu, kwa hiyo mimi na mjukuu wangu tunaitana Somo. Alipofikisha miezi tisa aliletwa kwenye foleni yangu na kukaa benchi kama watoto wengine, maana sipendi upendeleo. Nikampima uzito, nikauliza maswali huku naandika.

"Mtoto anasikia?"

"Msikivu mno," binti yangu akajibu. "Halii ovyo, hasumbui mtu. Ila mama, akilala, hata ukiangusha sufuria hashtuki."

"Karithi usingizi wa babu yake," nikasema, na benchi zima likacheka. Marehemu mume wangu alikuwa analala hadi mikutanoni. Nikatia alama kwenye kisanduku, nikaweka saini, nikaita mwingine.

Mimi niliuliza habari za masikio, yeye akanijibu habari za tabia, na sote wawili tukaridhika. Kina mama wote hujibu hivyo. Ukiwauliza kama mtoto anasikia, wanadhani unauliza kama ana adabu, na hakuna mama atakayekubali mbele ya watu kwamba mwanawe hana.

Somo alichelewa kusema. Nikawaambia watu ana ulimi mzito, subirini ufunguke mtajuta. Ulifunguka akiwa na miaka mitatu, maneno machache, yenye ncha zilizoliwa. Nyumbani kwao palikuwa na kichekesho kimoja tulichokipenda. Ukimwambia "mpelekee baba," anapeleka kwa mama. Ukimwambia "mpelekee mama," anasimama katikati, anawatazama wote wawili usoni, kisha anabahatisha. "Mke wangu," baba yake alisema siku moja, "mtoto kakupandisha cheo." Tulivunjika mbavu.

Alipofika miaka mitano kicheko kilipungua. Ukimwita akiwa amekupa mgongo, haji. Ukimtuma kijiko, analeta kikombe. "Huyu mtoto hasikii," binti yangu alilalamika, nami nikalielewa neno hilo kama kila mtu anavyolielewa: mkaidi, kichwa ngumu. "Mlete kwangu wiki moja," nikasema. Siku ya tatu nilimkuta uani amechuchumaa, anapanga vizibo vya chupa. Nikamwita mara nne. Mara ya tano nikamfuata na kofi la mgongoni. Badala ya kugeuka kunitazama, alitazama juu, akitafuta kitu gani kimemwangukia.

"Sasa umesikia!" nikamwambia.

Akiwa darasa la pili, mwalimu wake aliniita shuleni, kwa sababu binti yangu na mumewe wanashinda kiwandani. Alikuwa kijana mpole, wa sauti ya chinichini.

"Shikamoo, mama. Kwa kweli mjukuu wako ananishinda. Hati yake ndiyo nzuri kuliko zote darasani. Akinakili ubaoni hakosei hata nukta. Lakini kusoma, hasomi. Wenzake wakisoma kwa pamoja, na yeye anachezesha mdomo. Nikimsimamisha peke yake, ananikodolea macho."

Akanifungulia daftari la imla. Hati ilikuwa nzuri kweli. Mwalimu alikuwa ametaja bata, Somo akaandika mata. Alitaja paka, akaandika baka. Alisema baba analima, akaandika mama analima. Pembeni, kwa kalamu nyekundu, mwalimu aliandika: Sikiliza! Ukurasa uliofuata alikuwa ameandika tena, safari hii kwa alama mbili za mshangao.

"Labda ni mzito kidogo wa kuelewa," mwalimu akasema kwa kunihurumia.

Nilikuwa nayatamka maneno yale bila sauti, kwa midomo tu. Mama. Baba. Papa. Simama mbele ya kioo ujaribu na wewe. Midomo inafumba, inafumbua, inafumba, inafumbua, na hutaona tofauti hata chembe. Mtoto huyu hakuwa anakosea kusikia; hakuwa anatusikia. Alikuwa anatutazama midomo tangu utotoni, anakamata nusu, nusu nyingine anaijaza kwa akili yake. Sasa amefika kitabuni, anaambiwa kila herufi ina sauti yake, na sauti zenyewe hazijawahi kumfikia.

Kwenye hospitali kubwa kuna bwana mmoja anayepima masikio kwa mashine. Fundi wa Masikio, nilimpachika jina hilo mimi mwenyewe, kwa dharau. Alipoanza kazi, mwaka mmoja kabla Somo hajazaliwa, alikuja kuzungumza na wauguzi. Alisema mtoto akigunduliwa katika miezi ya mwanzo na akasaidiwa mapema, anapata maneno yake mapema, na hayo maneno ndiyo atakayoyategemea siku akianza kusoma. Akichelewa kugunduliwa atajifunza, lakini atakuwa anawakimbiza wenzake. "Nileteeni yeyote mnayemtilia shaka," alisema. Miaka yote hiyo sikumpelekea hata mmoja. Nilikuwa nikijigamba kwamba kwenye kliniki yangu hakuna kiziwi.

Ningeweza kumpeleka Somo siku ileile, na sikumpeleka. Fundi angeomba kadi ya kliniki, na kwenye kadi kuna saini yangu. Nikasema ngoja kwanza mitihani ipite. Mitihani ikapita, nikasema ngoja mafua yake yaishe. Mwezi mzima nilimfuata Somo kutoka shuleni bila kumwambia mtu neno, na mwezi mzima alinikalisha sebuleni na kitabu chake, akinitazama mdomo na kutabasamu, akiamini bibi yake atampa kilichokosekana. Nilimwogopa binti yangu kuliko nilivyomhurumia mjukuu wangu. Hilo nalisema bila kulipaka rangi.

Kilichonitoa huko ni lori la mchanga. Tulikuwa tunarudi kutoka shuleni, Somo yuko mbele yangu hatua kumi, akafika kwenye geti la mahali wanapofyatua matofali. Lori lilikuwa linarudi nyuma kutoka ndani, linapiga honi. Vibarua walikuwa wanapiga kelele. Somo akainama palepale kufunga kamba ya kiatu, ametulia kabisa.

"Somo!" nilipayuka. "Somo!"

Alikuwa anafunga fundo la pili. Sijui nilifikaje. Nilimvuta kwa mkoba wa mgongoni, tukaanguka wote kwenye mchanga, na gurudumu likasimama mahali kiatu chake kilipokuwa. Dereva alishuka, akanifokea kwa woga wake.

"Bibi, huyu mtoto hasikii?"

"Ndiyo," nikasema. "Hasikii."

Nilimpigia simu binti yangu hapohapo, nikamwambia atukute hospitali, aje na kadi ya kliniki.

Chumba cha kupimia kilikuwa kidogo, kuta nene, hakina dirisha ila kioo kimoja. Somo alikalishwa kati ya spika mbili, akapewa vipande vya mbao na ndoo ndogo. Kila akisikia mlio, atumbukize kipande. Fundi alimwonyesha kwa ishara, akaelewa mara moja. Kisha akatoka, akafunga mlango, akakaa na sisi upande wa pili wa kioo.

Akazungusha kitufe. Somo alishika kipande cha mbao karibu na shavu, tayari. Fundi akazungusha tena. Somo akangoja. Tena. Alikuwa ananyoosha shingo, kama mwanafunzi anayeogopa kupitwa na swali. Binti yangu alinishika mkono, akaubana. Hatimaye tulisikia mvumo hafifu sisi wenyewe, kupitia ukutani, na Somo akatumbukiza kipande kwenye ndoo na kucheka.

"Huo aliousikia sasa hivi," Fundi akasema taratibu, "ni kelele ya pikipiki inayokupita ubavuni."

Binti yangu akauliza kama atasoma.

"Atasoma. Tutampa vifaa vya kusikia, atapata mwalimu wa kumzoesha sauti. Lakini wenzake wana miaka saba ya maneno vichwani mwao. Yeye anaanza leo. Itawachosha, yeye na ninyi."

"Na angegunduliwa akiwa mchanga?" binti yangu akauliza tena.

Fundi alichukua kadi ya kliniki, akaifunua, akafika kwenye ukurasa niliokuwa nauota mwezi mzima.

"Hapa imeandikwa alipimwa akiwa na miezi tisa, na alisikia," alisema. "Wapo watoto wanaosikia vizuri, kisha usikivu unapotea baadaye, baada ya homa au bila sababu inayojulikana. Huenda huyu ni mmoja wao. Basi hakuna wa kulaumiwa."

Alikuwa ananifungulia mlango bila kujua, na wallahi nilitamani kupita. Homa aliwahi kupata, mtoto gani hajapata homa? Ningetikisa kichwa tu, nikubali, na nife nikiitwa mama na bibi mwema.

Binti yangu aliichukua kadi mkononi mwa Fundi.

"Hii saini ni yako, mama," akasema. "Ulimpima?"

Nyuma ya kioo Somo alikuwa ameokota kipande kingine. Alikuwa amekishika shavuni, anasubiri, hajui kwamba zoezi limekwisha.

"Sikumpima," nikasema. "Nilikuuliza wewe."

Nilingoja anipigie kelele. Nilitaka anipigie kelele. Badala yake aliiweka kadi mezani, akainyoosha kwa viganja vyote viwili, akaitazama. Aliponiinulia macho, yalikuwa makavu.

"Na watoto wa wenzangu?" akauliza. "Wale tuliokaa nao benchi?"

Fundi aliacha kuandika.

"Wote," nikamwambia. "Niliuliza tu."