Mguu Uliohamia Juu ya Moyo

Jana usiku, nikiwa nimelala chali, mguu wa kushoto juu ya mito mitatu, niliota mguu huo umehama.

Haukuniaga. Mume wangu, Baba Tumpe, alinionyesha ghorofa iliyoota katikati ya migomba yetu. "Mguu wako umepanga kule juu," akasema. "Moyo wako umepanga chini yake. Si ndivyo alivyoagiza Sista Atuganile, mguu ukae juu ya moyo?"

Ndivyo muuguzi wangu alivyoagiza. Waliponitoa mfuko wa uzazi waliondoa na tezi za nyonga, ili saratani isipate pa kujificha. Saratani ilikwenda zake, nashukuru. Ila maji ya mguuni, yaliyokuwa yakipitia kwenye tezi hizo, yalikosa njia, mguu ukavimba hadi kifundo kikapotea. Na Jumamosi namwoza Tumpe. Nimeapa kuingia ukumbini kwa viatu, si kwa kandambili za baba yake.

Basi nakwapua viatu vipya vya harusi, napanda ngazi kwa mguu mmoja. Hakuna anayeshangaa. Moyo wangu unachungulia mlangoni, umejifunga shuka, umenuna.

"Mwambie mpangaji wako apunguze wageni," unasema. "Wanagonga kutwa kucha na hawashuki."

Juu naukuta mguu umeketi kitini. Nyuma yake matone ya maji yamepanga foleni, kila tone na kifurushi chake.

"Shikamoo, mama," linasema la mbele. "Tunataka kuingia kwenye damu turudi moyoni. Umetufungia mlango."

Linaonyesha kipande cha khanga ninachokikaza pajani kila usiku, uvimbe usije ukapanda tumboni. Sista alisema bandeji ikazwe vidoleni, ilegee kadiri inavyopanda. Nikaitikia, kisha nikafanya langu. Sikio la kufa halisikii dawa.

Nafungua khanga. Foleni inasogea kidogo, inakwama tena.

"Na mimi ni namba thelathini na tisa," kinasema kiatu cha kushoto mkononi mwangu, kikiutazama mguu uliovimba. "Sibishani na mtu."

"Nipisheni!" inanguruma sauti ya mnadi. Simwoni mtu.

Hadubini inaingia kwa magurudumu, inainamia kidole changu. "Anayenguruma hapa ni sindano ya upasuaji," inasema. " Tafadhali usipige chafya."

"Tezi zilizotoka hazirudi," inasema sindano. "Nitachepusha njia. Mshipa wa maji nauunga na mshipa wa damu, hapa chini ya ngozi."

"Mguu utapona?" nauliza.

"Watafiti bado wanapima. Kuna wagonjwa waliopungua uvimbe sana, kuna waliopungua kidogo. Wewe unataka nini?"

"Nataka kucheza kwenye harusi ya mwanangu."

"Hilo linashoneka."

Ikashona. Tone la kwanza likapita, na mshipa wa damu ukasema, "Karibuni, msisukumane." Yakafuata mengine kwa vigelegele. Chini, moyo ukayafungulia milango yote, ukasahau kununa. Mguu ukapungua, ukasimama, ukanyoosha vidole.

"Turudi nyumbani, Mama Tumpe. Huku juu kuna upweke."

Tulishuka ngazi tukicheza, furaha imenijaa hadi kooni.

"Mama Tumpe!" Mume wangu ananitikisa. Kumekucha. "Vigelegele vya nini? Utaamsha kijiji!"

Khanga iko sakafuni. Mguu umezungushiwa bandeji, imekazwa vidoleni, imelegea kadiri inavyopanda.

"Umenifunga wewe?"

"Mimi? Hata kamba za viatu vyangu hunifungia wewe."

Natafuta pini ya bandeji. Haipo. Ncha imeshonwa kwa uzi usioonekana. Fundo lake nalisikia kwa kidole tu. Nalikata, naifungua bandeji taratibu, na kifundo cha mguu wangu hiki hapa, na mfupa wake, kama ndugu aliyerudi kutoka mbali. Machozi yakanitoka.

"Baba Tumpe, nipe kiatu cha kushoto."

Kikaingia.

Nikapiga vigelegele tena, sasa nikiwa macho. Kijiji kiamke tu.