Mgeni wa Chini ya Usukani

Jumamosi moja asubuhi, nguo za wiki zikizunguka kwenye mashine za kufulia, Mélissa alipiga magoti kando ya Corolla kuukuu katika maegesho ya apatimenti zao za Sharpstown, mtaa wa Houston, akaingiza kichwa chini ya usukani na kuchomeka kidude cha kampuni ya bima. Kilikuwa cheusi, ukubwa wa kiberiti. Mama yake, Dévote, alimmulikia kwa tochi ya simu ingawa jua lilikuwa limeshawaka. Kidude kililia mara moja. Kisha akatoka humo mzungu mwenye tai, urefu wa kijiko, akajipangusa vumbi magotini na kusema anaitwa Brandon.

"Karibu," akasema Dévote.

"Asante, Mama," akajibu Brandon kwa Kiswahili cha Bujumbura, kwa kuwa kampuni ilitangaza kwamba inahudumia kila mteja kwa lugha yake.

Brandon alikuja kuangalia Mélissa anavyoendesha. Humphrey, wakala wa bima, Mkenya mwenye ofisi ndogo jirani na saluni ya kucha, alikuwa amewaeleza. Mtu wa miaka kumi na tisa hulipa zaidi ya baba mtu mzima aliyekwisha kuingia kwenye uzio wa watu mara mbili. Ndivyo ilivyo, wala hakuna anayeona haya. Lakini kijana akikubali kuangaliwa, na akiendesha vizuri, bei itashuka.

Na Mélissa aliendesha vizuri. Tena alilihitaji gari kuliko alivyohitaji usingizi. Alikuwa anasomea uuguzi, na mazoezi yalifanyika asubuhi katika hospitali iliyoko upande wa pili wa Houston. Anayekosa au kuchelewa mara tatu, nafasi yake anapewa mwingine. Mabasi yapo, kama unaweza kuita hivyo kitu kinachokuja kinapojisikia. Bila bima hakuna gari, na bila gari hakuna uuguzi. Mambo yote ya msichana yalikuwa mikononi mwa yule mtu wa kijiko.

Dévote alitoka Burundi, akapitia kambi za wakimbizi za Kigoma, na mtu kama Brandon alijua kumshughulikia kwa njia moja tu: mgeni analishwa. Siku ile ile alimletea tonge la ugali, sombe kidogo, kisamvu cha kwao, na dagaa wawili, ndagala wa ziwani. Brandon alikula wote, hadi vichwa. Asubuhi yake alifika kimo cha chupa ya soda. Akapewa kiti cha mbele, kwa kuwa mgeni hakai nyuma, na Dévote akahamia nyuma kwenye gari lake mwenyewe. Mwezi haujaisha, Brandon alikuwa na kimo cha mtu mzima na kitambi kinachokaza mkanda. Alikuwa na adabu. Alisali kabla ya kula na kuwaulizia ndugu waliobaki nyumbani.

Kila jioni aliinama na kunong'ona katika tundu alimotokea. Tundu lilikuwa jembamba. Mwendo ulipita. Breki zilipita, na maili, na saa, na umri. Vingine havikupita. Aliposema kwamba Mélissa hutoka kabla ya kupambazuka kwa sababu humpeleka mama yake kufua mashuka ya hoteli, ile "kabla ya kupambazuka" ilipita, na maneno yaliyobaki yakadondoka kwenye zulia la gari, madogo na makavu kama maharage. Dévote aliyafagia. Kwa kuwa hakuzoea kutupa kitu kizima, aliyatia kwenye gunia tupu la mchele.

Kosa kubwa walilifanya kwa nia njema. Dévote ana kaka Fort Worth, Jean-de-Dieu, anayefanya kazi kwenye ghala. Mgeni kukaa nyumbani mwezi mzima bila kuonyeshwa kwa ukoo ni aibu, Mrundi yeyote atakuambia. Basi Jumapili baada ya misa wakampandisha Brandon, wakashika barabara ya kaskazini. Jean-de-Dieu alimpokea kwa Fanta, nyama ya mbuzi na hotuba.

"Huyu mtoto sasa ni dada yako," alimwambia. "Ukifika kwa wakubwa zako, umseme vizuri."

"Nitasema nilichoona," akasema Brandon, na machozi yalimlenga, kwa kuwa hakuna mtu aliyewahi kumhutubia.

Walirudi gizani, kwa sababu hotuba za Warundi haziishi mapema na mgeni hakatizwi akishangiliwa. Brandon aliinama, akanong'ona. Maili zilipita, nyingi mno. Giza lilipita. Jean-de-Dieu, mbuzi na udugu vikadondoka.

Wiki iliyofuata, kwenye barabara ya Bellaire, bibi mmoja wa Kivietinamu aliingia barabarani na toroli la sokoni bila kutazama. Mélissa alifunga breki kwa miguu yote miwili. Gari lilisimama, na kati yake na toroli pangepita mkono tu. Bibi alizunguka hadi dirishani, akamshika Mélissa shavu, akampa papai, kisha akaenda zake. Papai hilo walilila usiku huo, na Brandon alikula kipande kikubwa.

"Breki kali," akanong'ona tunduni. Hiyo ilipita. Bibi hakupita. Alidondoka na toroli lake, na Dévote alimwokota neno kwa neno.

Muda wa bima kufanywa upya ulipofika, bei ilikuwa imepanda kiasi kwamba Dévote aliketi kwanza. Kisha akakasirika, na alikuwa na haki ya kukasirika. Alijitwika gunia, akamshika Mélissa mkono mmoja na Brandon mwingine, akaenda kwa Humphrey.

Humphrey alilifungua gunia mezani. Alichukua neno moja, akalisoma, akachukua jingine. Alisoma muda mrefu, chai yake ikapoa.

"Ni ya kweli," akasema. "Yote."

"Basi yatume."

"Hakuna pa kuyatia, Mama. Kompyuta haina mahali pa mambo kama haya."

"Mimi nilikuwapo," akasema Brandon. "Huyu dada anaendesha vizuri kuliko wote niliowahi kukaa nao."

"Wewe kazi yako ni breki, bwana," akasema Humphrey, bila ubaya.

Dévote akaweka mikono miwili mezani. "Nijibu, mwanangu. Mélissa angemgonga yule bibi bila kushika breki, mngemwita dereva mzuri?"

Humphrey alifikiri, maana alikuwa mtu mkweli. "Kwa upande wa breki, ndiyo," akasema. "Kwa upande wa ajali ingekuwa faili nyingine." Aliwashauri wapunguze safari. Gari likitulia, alama ambazo kampuni humpa dereva zinapanda, na alama zikipanda huenda wakubwa wakalegea. Alilifunga gunia vizuri kabla ya kuwarudishia.

Basi Corolla ikatulia. Dévote alipata lifti kwa Nazaire, jirani anayefanya kazi kwenye hoteli ile ile. Mélissa akaanza kupanda mabasi mawili akiwa na sare yake kwenye mfuko wa plastiki. Siku ya kwanza kuchelewa, basi la pili halikuja. Siku ya pili lilikuja likampita, kwa sababu dereva naye alikuwa amechelewa. Siku ya tatu mvua ya Houston ilijaza barabara maji hadi kwenye ngazi za basi, na abiria wote wakakaa humo wakitazama magari madogo yakielea.

Mwalimu wake alimsikitikia kwa dhati. Nafasi ilipewa kijana mwingine, ambaye baba yake ndiye anayelipa bima.

Jioni hiyo Mélissa alilia jikoni kwa sauti, kama mtu aliyefiwa, na mama yake alimwacha alie. Brandon alipanda ngazi na kugonga. Alikuwa na habari. Gari lilikuwa limekaa siku nyingi bila breki hata moja, na Mélissa alikuwa amepata alama mia kwa mia, dereva kijana bora wa kusini-magharibi yote ya jiji.

"Na bei?" akauliza Mélissa.

"Imepanda kidogo. Vijana wengine wa mitaa hii wamegonga sana."

"Mimi nimegonga nani?"

"Hujagonga mtu," akasema Brandon. "Nimewaambia. Neno hilo limedondoka."

Dévote alikwenda kuchukua fagio.

Kampuni ilileta mpiga picha. Alimsimamisha Mélissa kando ya Corolla, akamwambia atabasamu na kuinua ufunguo. Walimpa kofia yenye nembo. Baada ya muda picha ilitokea kwenye bango kubwa juu ya barabara kuu, Mélissa mrefu kuliko jengo la benki, na maandishi yakisema kwamba anayeendesha vizuri hulipa kidogo.

Siku hizi Mélissa anakunja mashuka na mama yake, zamu ya mchana, na basi lao hupita chini ya bango hilo. Juzi mama mmoja Mkongomani aliyesimama karibu yake alitazama juu, akamtazama yeye, akatazama tena.

"Si ni weye ule?"

"Ni mimi."

"Na gari iko wapi?"

"Iko nyumbani," akasema Mélissa. "Inapata alama."

Yule mama aliitikia kwa kichwa, akavuta kamba ya kengele na kuteremka kituo kilichofuata.