Simu ya Dorika

Amosi, mchora mabango wa Iguguno, ndiye aliyemfundisha mdogo wake Dorika kushika brashi. Siku moja simu ya Amosi iliita. Aliyepiga alikuwa mwanamke wa kampuni ndogo ya vitabu vya katuni huko Dar, akimwulizia Dorika, ambaye hakuwa na simu na alikuwa amewaachia namba ya kaka yake. Hadithi ya michoro aliyowatumia, ya bibi yao aliyemfukuza fisi kwa mwiko, walitaka kuichapa iwe kitabu kizima.

Amosi alihisi moto kifuani. Mwaka juzi naye aliwatumia michoro yake, hawakumjibu hata neno.

"Dorika ameshaacha kuchora," alisema, akakata simu.

Alirudi kwenye bango lake, lakini kila herufi aliyoandika ilipinda. Akaiweka brashi chini, akaenda shambani, Dorika alikokuwa akipura alizeti.

"Watu wa Dar wanakitaka kitabu chako," alimwambia. "Nimewadanganya kwamba umeacha kuchora. Wivu umenishinda, mdogo wangu."

Dorika akanyoosha mkono.

"Nipe simu, kaka."

Akasogea pembeni kuongea. Amosi aliposikia kicheko chake, aliokota fimbo ya Dorika, akaendelea kupura, moyo ukimuuma bado.