Maneno Mawili Kwenye Dai la Kwanza

Mtaani wananiita Bi Hataza, na anayedhani ananitania amepoteza muda wake, jina nalipenda. Hataza ni ile karatasi ya serikali inayosema kitu hiki kimebuniwa na fulani, mwingine asikiguse. Ninazo mbili ukutani. Moja ni ya kibanio cha nguo kisichong'oka hata upepo uje na hasira zake zote, nyingine ni ya chura wa bati anayepanda ngazi badala ya kushuka tu. Maombi yote nayaandika mwenyewe. Wakili nilimpa kazi mara moja, akaandika maelezo ya chura kama barua ya posa, na tangu siku hiyo nikala kiapo.

Kiitika nilikibuni kwa ajili ya mama. Alikuwa ameanza kusahau, tena si kusahau kwa mchezo. Rimoti anaiweka kwenye friji, ufunguo anautia ndani ya kiatu, halafu anakaa kitini analia kwa kuona haya. Nyumbani tulikuwa wawili tu, mimi na yeye, na kila alipolia nilihisi kuna kipande chake kimeondoka na sitakiona tena. Basi nikatengeneza kitufe cha plastiki, upana wa ukucha wa kidole gumba, ndani kina kidude cha kusikia, kispika na betri ya saa. Unakifunga kwenye kitu. Ukisema, "Ufunguo, uko wapi?" kinajibu, "Niko hapa." Mwanzoni nilikiwekea mlio. Mama akakataa katakata, akasema yeye hawezi kuitikiwa na kitu kinacholia kama nyenje. Kama kitu kina adabu kiitike kama mtu. Nikamkalisha mezani, nikarekodi sauti yake mwenyewe. Alirudia mara tisa mpaka akaridhika. Tangu hapo nyumba nzima ikawa inaitika kwa sauti ya mama.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipojichongea. Kwenye ombi la hataza kuna madai, na dai la kwanza ndilo uzio wako. Ukiuchora mdogo, mwigaji anajenga hatua moja nje yake na huna la kumfanya. Umeandika kitufe, yeye anatengeneza stika, amekuponyoka. Kwa hiyo sisi wabunifu tuna tabia moja: tukishaandika dai, tunalirudia na kalamu kulipanua. Nilikuwa nimeandika kwamba ni kifaa cha kupata ufunguo au rimoti iliyofungwa kitufe, ndani ya chumba, kwa kuita jina lake. Nikafuta "ufunguo au rimoti", nikaweka "kitu chochote". Maneno ya kitufe nikayaondoa kabisa. "Ndani ya chumba" nikaifanya "popote". Mwisho nikawakumbuka watoto wanaopotea sokoni, nikaona nitawatengenezea bangili siku moja, nikaongeza maneno mawili: "au mtu".

Dai likasomeka hivi: Kifaa cha kupata, kwa kuita jina lake, kitu chochote au mtu, popote, baada ya kupotea. Nilicheka peke yangu. Nilijua mkaguzi wa hataza atanikatakata, lakini unaanza juu ili ukishushwa ubaki na kitu. Jumanne likagongwa muhuri wa kupokelewa.

Jumatano baada ya chakula cha mchana mama alikuwa anashona kishikizo, akajidunga sindano. Akauliza kwa hasira, "Kastabini, uko wapi?" Kastabini ile ya kuvaa kidoleni ilipotea kabla mimi sijamaliza shule. Haikuwahi kufungwa kitufe. Chini ya sakafu ya jikoni, miguuni pangu, sauti ya mama ikasema, "Niko hapa."

Mama mwenyewe alikuwa amekaa mbele yangu, uzi mdomoni.

Niling'oa kigae kilicholegea. Kastabini ilikuwa pale, imejaa udongo. Nikafungua vitufe vyote mezani kimoja kimoja, nikavikagua kwa kioo cha kukuzia, sikuona kasoro. Mimi si mtu wa kukimbilia mambo ya pepo, niulizeni mtaa mzima. Nikatoa nakala ya ombi, nikasoma dai la kwanza, nikaliweka chini taratibu. Kitu chochote. Popote. Kifaa kilikuwa kinafanya nilichoandika, si nilichotengeneza.

Siku mbili baadaye mama alisimama dirishani akasema, "Kitinda, uko wapi?"

Kitinda ni mdogo wangu, kitindamimba wa mama. Miaka kumi na mmoja iliyopita alitoka kununua gundi akiwa na miaka ishirini na miwili, na hakurudi. Gundi nilimtuma mimi, ya chura. Polisi walitafuta, ndugu walitafuta, hospitali zote tulizimaliza. Mama aliuliza swali hilo kila siku, kama mwingine anavyoshusha pumzi, wala hakungoja jibu.

"Niko hapa," ikajibu sauti ya mwanamume, nyuma ya ukuta wa stoo.

Sahani ilinitoka mkononi. Vitu viliitika kwa sauti ya mama kwa sababu havina sauti ya kwao. Mtu anayo. Ilikuwa ya Kitinda, na ule mkwaruzo wake wa kuamka usingizini, ningeijua hata kuzimu. Nilizunguka nyuma ya nyumba nikikimbia. Hakukuwa na mtu, ukuta tu na ndoo. Mama akaita tena, na safari hii ikaitikia nje ya uzio.

Barua ya mkaguzi ilifika wiki hiyohiyo. Dai langu ni pana kupita kiasi, nilipunguze ndani ya siku sitini. Nikaitia chini ya mto wa kochi, nikaikalia, nikajitia hamnazo. Niseme ukweli, mama alikuwa amefufuka. Alikula akamaliza, alichana nywele, alikumbuka hata majina ya walimu wetu. Na mimi pia, kazi ikinishinda, nilinong'ona jina la mdogo wangu ili nisikie tu kwamba yupo. Mtu akinilaumu kwa hilo, hajawahi kumtuma mtu dukani asirudi.

Tatizo ni kwamba sauti ilikuwa inasogea. Kila mama alipoifikia, ilikuwa imeshatangulia kidogo. Kutoka uzio hadi barabarani, kutoka barabarani hadi kwenye maghala. Mama akaanza kutoka bila kuaga. Sikuhangaika sana. Nasimama mlangoni nauliza, "Mama, uko wapi?" na sauti yake inanijia kutoka huko aliko, mitaa mitatu mbali, safi kabisa kama yuko begani kwangu. Naifuata, namshika mkono, tunarudi. Nilijipongeza hata, mjinga mimi.

Mara ya tatu nilimkuta kwenye kiwanda cha sabuni kilichofungwa zamani. Ulikuwa mchana kweupe, jua linawaka. Upande ule wa kiwanda hauna mlango wala dirisha, ni ukuta mtupu. Mama alikuwa amelaza shavu ukutani, macho kayafumba, anatabasamu.

"Yuko humu," akasema. "Amechoka kuitika. Sasa na yeye ananiuliza."

"Anakuuliza nini, mama?"

"Ananiuliza niko wapi."

Kiitika hakiulizi. Nimekitengeneza mimi kwa mikono hii, na ndani yake hakuna swali. Nikataka kumwambia hivyo, ndipo na mimi nikaisikia sauti ndani ya tofali, ya upole, yenye usingizi: "Mama, uko wapi?"

Mama akafungua mdomo ajibu. Nikamziba kwa kiganja. Alinisukuma, akaniuma kidole, mama yangu ambaye hajawahi hata kunifinya, nami sikumwachia. Kwenye kazi yangu najua kitu kimoja: kinachoitika ndicho kinachofuatwa na kuchukuliwa. Nilimburuta mpaka nyumbani, wote wawili tunalia, na watu wakatupisha njia.

Kesho yake asubuhi nilimwacha kwa jirani, mama mmoja fundi cherehani, nikamsihi asimtoe machoni. Nikachukua faili langu nikaenda ofisi ya hataza.

Mkaguzi ni mwanamume mpole, meza yake imepangwa mpaka inaudhi. Hajawahi kuniuliza kama vifaa vyangu vinafanya kazi. Yeye anataka vielezeke tu. Nilimwambia nimekubali kupunguza. Nikamwonyesha yale maneno mawili.

"Umefikiri vizuri, dada?" akaniuliza. "Dai likishapunguzwa halipanuliwi tena. Ukiyafuta, hayarudi."

"Futa."

Akaweka rula, akapiga mstari mwekundu juu ya "au mtu", akanigeuzia karatasi nitie sahihi, akagonga muhuri. Akatazama saa ya ukutani akaandika: saa nne na dakika kumi. Nilitoka pale nimepumua. Nilijiambia mama atalia siku mbili tatu, nitamchangamsha, atazoea, na nitakuwa naye.

Jirani nilimkuta mlangoni kwake, futi ya kupimia shingoni, uso umemvimba kwa kulia. Alikuwa akitia zipu, alisema, akainua kichwa akaona kiti kitupu. Alimwona mama anakata kona ya kiwandani, kandambili miguuni na miwani usoni, akamwita, naye akapunga mkono akasema anakwenda kuitika mara moja tu, atarudi. Ilikuwa saa nne kasoro kidogo.

Nilimwambia asijali, nikamshika bega kabisa. Nikasimama katikati ya njia kama nilivyozoea.

"Mama, uko wapi?"

Kimya. Nikarudia kwa nguvu. Pikipiki ikapita. Nikaita mara ya tatu, na kabla sijamaliza nikakumbuka nilichofuta. Yale maneno mawili nilidhani yanamhusu Kitinda peke yake. Mama naye ni mtu.

Nilikimbia hadi kiwandani, nikapiga ukuta ngumi mpaka zikachubuka. Nikarudi ofisini na vumbi langu, nikamwomba mkaguzi ayarudishe maneno. Akanisomea sheria polepole, kwa huruma kabisa, jambo lililonifanya nitamani kumrushia muhuri wake. Nikachukua karatasi, nikaandika ombi jipya palepale juu ya goti. Akalisoma akanirudishia bila muhuri. Alisema kitu kilichokwisha kutajwa kwenye jalada si kipya tena, hata kama aliyekitaja ni wewe mwenyewe.

Nikiwa kwenye ngazi za ofisi ndipo akili ikanijia: miwani. Mama ametoka na miwani usoni, na miwani ni kitu. Nikaiita palepale mbele ya watu, sikujali wataniona kichaa.

"Niko hapa," ikasema sauti ya mama.

Mungu wangu, nilikimbia. Naita na kukimbia, na sauti inaitika, na kila ikiitika inakuwa karibu, mpaka nikafika ukutani na ikaitikia upande wa pili. Jirani aliniletea waashi wawili wenye nyundo. Hakuna aliyeuliza swali, sauti waliisikia wenyewe. Walivunja tundu la kupita mtu, nikaingia wa kwanza.

Ukumbi ulikuwa mtupu. Vumbi lilikuwa limelala sakafuni, nene, halina hata unyayo mmoja. Katikati ya vumbi ilikuwapo miwani ya mama, imekunjwa vizuri kama alivyokuwa akiikunja kabla ya kulala. Nilipoiokota bado ilikuwa na joto.

Polisi wamekuja, ndugu wamekuja, hospitali tumezimaliza tena. Mkaguzi ameniletea hataza ya Kiitika nyumbani kwa mkono wake, na sijaitundika. Kifaa kinafanya kazi kama dai linavyosema, lakini hakiitikii kitu ambacho hakijapotea. Miwani ikiwa mezani mbele yangu, naweza kuita mpaka koo linikauke.

Kwa hiyo kila siku mchana jirani anaingia, anaichukua miwani, anaificha mahali nisipopajua, anarudi kwenye cherehani yake bila kunitazama. Nasubiri mlango ufungwe. Naita, na mama ananiitikia, yuko hapa, yuko hapa, nyuma ya kabati, chini ya ndoo, ndani ya kiatu. Nikiishika tu miwani, sauti inanyamaza mpaka kesho. Siku hizi natafuta polepole.