Mbuzi Asiye na Pembe

Nasike wa Kabuchai hakupenda mbuzi wenye pembe. Mmoja alimtoboa mama mkwe wake pajani, na tangu siku hiyo akafuga vipara tu. Hata beberu alimnunua kipara, kule Kachibora, kwa mama aitwaye Gladwell.

Wana wakazaliwa, wengi vipara pia. Mmoja, jike la rangi ya maziwa, akampa jina Malkia. Lakini Malkia alipofika umri wa kupandwa, shingo ilinenepa, ndevu zikashuka, akaanza kunuka kama beberu na kuwapanda wenzake.

“Huyu ni mkosi, bana,” alisema Wangila, mumewe. “Tuchinje.”

“Ngoja kwanza. Nataka kujua amekuwaje.”

Akampigia Gladwell simu. Gladwell akacheka kwa mshangao. “Ati hata wewe? Mimi nilipata wawili, nikanyamaza. Niliona aibu.”

Basi Nasike akamwita Chepngeno, daktari wa mifugo kutoka Kitale. Chepngeno alipiga magoti zizini, akainua mkia wa Malkia, akapapasa tumbo la chini kwa muda.

“Wazazi wake wote hawana pembe?”

“Wote. Kwani pembe zinaingiaje hapa?”

“Zinaingia sana. Urithi wa upara kwa mbuzi unashikana na urithi unaojenga ujike. Mwana akiurithi kwa mzazi mmoja, anakosa pembe tu. Akiurithi kwa wote wawili, na alikusudiwa kuwa jike, mwili unageukia njia ya dume akiwa bado tumboni. Haumalizi safari. Hatazaa, wala hatazalisha.”

Nasike akamtazama Malkia, aliyekuwa akitafuna majani bila habari. “Kwa hivyo ni mimi nilimfanya hivi, kwa kuchagua?”

“Hukujua. Tafuta beberu mwenye pembe, haitatokea tena. Na huyu usimchinje. Atakuonyesha majike walio tayari kupandwa. Ananusa kuliko sisi.”

Wiki hiyohiyo Nasike alienda Lwakhakha akarudi na beberu mwenye pembe ndefu, akamjengea chumba chake mbali na njia ya mama mkwe.

Chepngeno alipopita tena kuwachanja mbuzi, Wangila ndiye aliyemletea chai. Hakuondoka. Alivuta kigoda, akakaa.

“Daktari,” akasema, “na kuku je? Yule anayewika na alikuwa akitaga?”

“Hiyo ni hadithi nyingine,” Chepngeno akajibu, akiweka sindano chini. Nasike naye akasogea.